Barua Niliyokataa Kuisoma

Vita vya Hitla vilipokwisha, mume wangu alirudi mlimani na makoti mawili ya jeshi, akakaa miezi mitatu, akasema jembe limemshinda, akapanda treni kwenda Tabora. Sikumwona tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sina mtoto. Mjomba wangu, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, aliniita akaniambia: "Shamba la ukoo lipo, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mboga haziwezi kushuka mjini zenyewe." Basi nikawa mimi wa kuzishusha.

Tulikuwa tukitoka alfajiri, wanawake sita au saba, kabichi na njegere vichwani, tukiteremka kwa njia ya Kilakala mpaka Morogoro mjini. Wenzangu waliishia sokoni. Mimi siku moja nilibakiwa na nusu ya kikapu, mtu akaniambia nijaribu mtaa wa nyuma ya stesheni, kwa wapika chakula.

Niliusikia mtaa kabla sijauona. Gramafoni ilikuwa ikilia mchana kweupe, na mtu alikuwa akicheka kwa sauti ambayo kwetu mlimani mtu mzima asingethubutu kuitoa. Kisha ikaja harufu: nyama inayoungua kwenye vijiti, nazi inayochemka, mafuta ya kukaangia yaliyotumika siku tatu. Nyumba zilikuwa za udongo, chache zimeezekwa mabati, nyingi madebe yaliyofunguliwa na kupondwa yakawa bapa. Kila baraza ilikuwa na jiko na kila jiko na mwanamke, na kila mwanamke alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Nilikuwa peku. Funza walikuwa wamenila kucha mbili nilipokuwa mdogo, na zilikuwa hazijaota vizuri.

Mmoja tu ndiye aliyenitazama uso. Alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa papo hapo mjini, mnene, ameketi mbele ya sufuria kubwa kuliko zote mtaani, na mkono wake wa kushoto ameufunika khanga kuanzia kiwikoni mpaka vidoleni, ijapokuwa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Tua hicho kikapu kabla shingo haijaingia kifuani."

Alinunua kabichi zote, akanipa bakuli la supu ya makongoro. Sikuwahi kula kitu kama kile. Ilikuwa nzito, inashika midomo, na ndani yake mlikuwa na tangawizi nyingi mpaka machozi yakanitoka. Nilipomaliza alimwachia jirani sufuria, akanichukua kunitembeza. "Ukitaka kuuza hapa lazima ujue nani anakula nini," alisema.

Kwa hiyo mtaa ule niliujua kwa miguu ya mwanamke huyo. Upande wa juu, karibu na reli, walikuwa wauza kahawa na karanga, na Mwarabu mmoja aliyepika chapati laini kama kitambaa. Katikati walikuwa wanawake kutoka pwani na wali wao wa nazi. Hao hawakuamkiana na wapika ugali. Chini kabisa palikuwa na kilabu cha pombe, kangara ikitokota kwenye mapipa, na ng'ambo yake ukumbi wa dansi wenye sakafu ya saruji, ambako bendi ilianza kupiga Jumamosi tangu saa kumi alasiri. Vijana wa bendi walivaa suti na kupaka nywele mafuta. Manamba, wale vibarua wa mikataba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge katika mashamba ya Wagiriki, walisimama madirishani kuangalia, maana mlangoni hawakuruhusiwa kupita bila viatu.

Katika matembezi hayohayo niliona jambo lililopaswa kunirudisha mlimani. Manamba mmoja, kijana mgeni ambaye Kiswahili hakijamkaa, alikuwa ameketishwa mbele ya bakuli. Watu wa mtaa walimwambia desturi ya Morogoro ni kwamba mgeni anakunywa kachumbari hii kwa mkupuo, ndipo anapewa wali bure. Ilikuwa pilipili iliyotwangwa na maji ya ndimu. Akanywa. Alianguka chini akijishika koo, akatapika mpaka damu ikaonekana kidogo kwenye mate, na mtaa mzima ulicheka, wake kwa waume, hata wapika wali ambao hawakuamkiana na mtu. Mwenyeji wangu aliomba maziwa kwa Mwarabu, akamnywesha. Lakini na yeye, alipokuwa amemshika kijana yule kichwa, mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

"Usiwaone wabaya," aliniambia tukirudi. "Wanacheka tu. Kesho watamcheka mwingine."

Baada ya miezi michache aliniambia niache kupanda na kushuka mlima, nikae kwake, nimsaidie kupika. Nilikubali. Alinifundisha kuchoma kwato na kuzikwangua, kujua mfupa uliolala na ule wa asubuhi, kuondoa povu bila kuondoa utamu. Tulilala chumba kimoja. Kwa hiyo niliuona mkono. Kutoka kiwikoni ngozi ilikuwa nyeupe kwa mabaka, imekunjamana, na kidole kidogo kilikuwa kimejikunja hakinyooki.

"Mume wangu wa kwanza," aliniambia usiku huo bila mimi kuuliza. "Mafuta ya moto. Alisema nyama ilikuwa na chumvi nyingi." Kisha akasema, "Nimekuonyesha wewe. Hapa mtaani hakuna anayejua. Mkono kama huu na biashara ya chakula, mwanangu, haviendi pamoja."

Nilisema nimesikia.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikichekwa kila siku. Walicheka nilivyovuta maneno kama watu wa kwetu. Walicheka nilivyofanya ishara ya msalaba kabla ya kula. Zaidi ya wote, alinicheka mpiga tarumbeta wa ile bendi, mwanamume mwembamba mwenye ulimi ambao watu walikuwa wakiusogelea kama wanavyousogelea moto. Akisema, mtaa unanyamaza, ili akimaliza upate kucheka. Nilimchukia, na nilitamani sana, siku moja, anicheke vizuri, yaani acheke pamoja nami.

Siku hiyo ilikuja Jumamosi, alasiri. Nilikuwa nimepeleka supu kilabuni kwenye sinia, mabakuli manane. Wanabendi walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja saa yao. Mpiga tarumbeta alichukua bakuli, akachota kipande kwa kijiko, akakiinua juu wote wakione.

"Dada wa mlimani," alisema, "hebu niambie kweli. Haya makongoro ni ya ng'ombe, au ni vile vidole vyako vilivyoliwa na funza?"

Kilabu kikalipuka. Mzee mmoja alimwaga pombe yake. Nilisimama pale na sinia mikononi, masikio yanawaka, na nikaona wazi kwamba nisipojibu nitaitwa Vidole mpaka nizikwe. Ndipo nikasema:

"Vidole vyangu mimi ninavyo vyote kumi. Nenda kahesabu vya anayepika hiyo supu. Umewahi kujiuliza kwa nini ule mkono haufunui?"

Kicheko kilikatika. Mpiga tarumbeta alirudisha kijiko ndani ya bakuli polepole.

"Una maana gani?"

Hapo ningeweza kusema kovu la moto. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini walikuwa wakinitazama mimi, watu wote wale, na hakuna aliyekuwa akitazama miguu yangu. Nikainua mabega.

"Mimi nasema mkono mweupe na kidole kilichokunjika. Ninyi mnaojua magonjwa ndio mtajua."

"Ukoma!" alisema mtu nyuma. Mpiga tarumbeta akatema mate chini, akaanza kucheka, akanipiga bega kama rafiki. "Kumbe dada wa mlimani ana mdomo!" Nilicheka nao. Nakumbuka kwamba nilicheka kwa furaha ya kweli, na kwamba kangara waliyonipa niliinywa yote.

Jumapili wateja walipungua. Jumatatu walikuja wachache na mabakuli yao wenyewe, wakasimama mbali na kunyoosha mikono. Jumatano hakuja mtu. Sufuria ilichemka kutwa, jioni tukaimwaga mferejini, na hata mbwa alipoisogelea mtu alimfukuza kwa jiwe akisema, "Utakatika mkia wewe!"

Mwenyeji wangu hakuelewa mpaka alipokwenda bombani. Wanawake walimpisha akinge maji, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, naye akashukuru. Alipoinua ndoo yake mmoja alichukua majivu akasugua bomba, palepale, mbele ya macho yake. Alirudi nyumbani maji yamemwagikia khanga.

"Wameujua mkono," aliniambia. "Sijui nani aliuona." Alinishika vidole. "Wewe umeona ni moto. Wewe unalala nami. Nenda uwaambie, mwanangu, watakusikia wewe."

"Nitawaambia," nilisema.

Nilitoka nikaenda mpaka kwa Mwarabu, nikala chapati, nikarudi. "Nimewaambia," nilisema. "Hawasikii."

Juma la pili bwana afya alikuja kwa baiskeli, mtu kampelekea habari. Alikuwa mpole. Alimwambia aende hospitali akapimwe, na kama hana kitu atapewa barua. Akaenda. Alikaa huko siku tatu, na katika siku hizo tatu mwenye nyumba alinijia. Alikuwa mzee mfupi mwenye nyumba nne mtaani, na alizungumza akitazama sufuria si mimi.

"Baraza hii haiwezi kukaa baridi," alisema. "Unajua kupika kama yeye?"

"Najua."

"Basi. Akirudi, tutaona atakavyorudi."

Alirudi Jumamosi alasiri, amevaa baibui safi, na barua ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Kwa mara ya kwanza hakuufunika mkono. Aliacha kila mtu auone. Alipita upande wa juu, akapita wapika wali, watu wakamfuata nyuma, na alipofika barazani kwetu palikuwa na watu kama wa arusi. Mpiga tarumbeta alikuwa mbele, na mwenye nyumba pia.

"Hii hapa," alisema. Aliinua karatasi juu. "Ya daktari. Ina muhuri. Huyu mwanangu amesoma misheni. Atawasomea."

Akanipa.

Nilisoma misheni miaka minne, na kusoma najua. Karani wa hospitali alikuwa ameiandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mviringo uliosomeka kama kitabu cha katekisimu. Ilikuwa mistari mitatu. Ilisema mwanamke huyu amepimwa, hana ukoma wala ugonjwa wowote wa kuambukiza, na kovu la mkono wake ni la moto wa zamani. Aruhusiwe kuendelea na kazi yake ya kupika. Niliisoma kimoyomoyo mpaka kwenye muhuri. Nilipoinua macho, mwenye nyumba alikuwa akinitazama. Mpiga tarumbeta alikuwa ameshaanza kutabasamu, midomo imekaa tayari kwa mzaha wowote utakaokuja. Na mwenyeji wangu alikuwa akitikisa kichwa kidogo, kunitia moyo, kama mzazi anayemtazama mtoto wake akisoma mbele ya padri.

"Siuwezi mwandiko huu," nilisema. "Ni Kizungu."

"Si Kizungu," alisema. "Karani alinisomea. Tazama vizuri."

"Ni Kizungu, mama. Sikiwezi."

Mpiga tarumbeta alininyang'anya karatasi, akaishika kichwa chini, akakohoa kama hakimu. "Mimi Kizungu nakijua, nilikipata vitani Burma," alisema. "Inasema hivi: huyu mama apewe sufuria, kijiko na kisiwa chake mwenyewe!" Watu walicheka mpaka wakashikana. Barua ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akijidai kuisoma na kuongeza lake, mpaka ikamfikia muuza karanga. Yeye hakuongeza neno. Karatasi nzuri ilikuwa shida siku hizo. Aliiviringisha ikawa kama pembe, akaijaza karanga, akamuuzia mtu.

Mwenyeji wangu alisimama mpaka watu wakatawanyika kwenda dansini. Kisha akaingia ndani, akafunga nguo zake. Sufuria hakuichukua. Alipopita mbele yangu nilimwambia, "Mama, kula kwanza," maana supu niliyoipika mimi ilikuwa jikoni. Alijitwika furushi. Alikwenda kwa njia ya reli, upande wa Kihonda.

Asubuhi niliisugua ile sufuria kwa mchanga na majivu mbele ya watu. Niliwasha moto. Na hapa ndipo penye jambo ambalo limenisumbua kuliko mengine: walikuja. Walikuja siku ileile. Ilikuwa sufuria ileile, mabakuli yaleyale, vijiko vilevile alivyovishika miaka yote, na walikula, wakaomba kuongezewa. Mpiga tarumbeta alikuwa wa tatu kufika.

Nilimwuliza, "Huogopi?"

"Kuogopa nini?"

"Ukoma."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Wewe nawe," alisema. "Nani aliamini hayo? Ukoma tunaujua. Tulikuwa tunacheka tu." Akalamba kijiko. "Tangawizi ongeza."

Nilipika pale miaka mingi. Nilinunua viatu. Nilipata jina zuri, na watu walioshuka kwenye treni walielekezwa kwangu. Wakati mwingine alikuja mwanamke mgeni kutoka mlimani na kikapu, nami niliwaona wenzangu wakimtazama miguu, na niliitazama pia. Habari za mwenyeji wangu nilizisikia kidogo kidogo kutoka kwa manamba: yuko shamba la mkonge, anaanika nyuzi zinapotoka korona, ile mashine ya kukamua mkonge, anaishi peke yake katika kambi.

Mwaka wa tano au wa sita, mchana wa siku ya kazi, alikuja. Nilikuwa nimeinama nikichochea kuni, niliposikia benchi likilia, nikainuka nikamwona. Amekonda. Mikono yote miwili sasa ilikuwa na makovu, kwa sababu ya miiba ya mkonge. Palikuwa na wateja wanne. Wawili walimkumbuka, wakasogea.

"Shikamoo, mama."

"Nipe supu."

Nilimpa, nyama nyingi. Alikula taratibu, akaimaliza, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. Alisema bila kupandisha sauti:

"Siku ile macho yako yalikwenda mpaka chini, yakafika kwenye muhuri yakasimama. Mtu asiyejua kusoma macho yake hayaendi hivyo."

Nilichochea moto uliokuwa ukiwaka tayari.

"Ya kilabuni niliambiwa baadaye, huko kambini. Lakini sikuhitaji kuambiwa."

Alisimama. Aliweka hela mezani ingawa niliikataa kwa mkono, akaondoka. Alikuwa hajafika hata kwa jirani, mmoja wa wale wateja, mtu mpya mjini, aliponiuliza, "Na hilo bakuli utampa nani?" Alikuwa akitabasamu. Wenzake walingoja wasikie nitasema nini.

Nililichukua bakuli nikalipiga kwenye jiwe la jiko. Lilivunjika kwa mlio mkubwa. Walicheka. Mwenyeji wangu aliusikia mlio, maana nilimwona mabega yakisimama, mguu mmoja mbele. Hakugeuka. Akaendelea.

Siku hiyo sikuweza kula, wala kesho yake. Nilikwenda kuungama, padri alinipa sala nikazisali zote. Hazikutosha. Baada ya siku kumi nilifunga jiko, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya hata nikiugua, nikaenda Kihonda kwa miguu, na kuku mzima kwapani. Nilimkuta kwenye nyuzi, katikati ya kamba ndefu zilizotandazwa mkonge mweupe mpaka macho yanauma. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wanawake wenzake.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

Aliendelea kuanika. Alimaliza fungu lote alilokuwa nalo begani, akachukua lingine.

"Umekuja upate usingizi," alisema. "Huo sina wa kukupa. Ondoka, unakanyaga nyuzi za watu."

Nilitazama chini. Kweli nilikuwa nimepigia magoti fungu zima la mkonge safi, na lilikuwa limeingia vumbi. Mwanamke mmoja alinivuta mkono akanitoa, kwa hasira, maana msimamizi angewakata mshahara. Kuku nilimwacha. Nilipofika barabarani niligeuka nikaona anakimbia ovyo kati ya kamba, hakuna aliyemshika.

Nilirudi kabla jua halijazama. Kwenye baraza yangu wateja watatu walikuwa wameshakaa wakiningoja, mpiga tarumbeta akiwa mmojawapo, amezeeka mapema, meno ya mbele hana. "Umetukimbia leo," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Kihonda."

"Kufanya nini huko kwenye miiba?"

Nilimwambia nilikuwa na shughuli. Nikavua viatu, nikainama, nikaanza kuwasha moto.